Wembe na Kipara cha Mkwe

Kabla sijaanza, kila mtu ashike kichwa chake. Mwenye nywele, habari hii inamhusu. Asiye nazo, inamhusu zaidi.

Ni habari ya mdogo wangu, tumbo moja mimi na yeye, kinyozi. Mtaa mzima unamwita Wembe, na si kwa sababu ya kazi. Wembe ni ulimi wake. Siku aliyozaliwa hakulia kama watoto wengine, alimtazama mkunga juu mpaka chini akamwuliza, "Na wewe umetokea wapi?" Mimi nilikuwepo, nimesimama mlangoni na beseni la maji moto. Anayebisha akamwulize mkunga, naye keshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mtabaki na neno langu.

Chumba chake cha kunyolea kimebanwa kati ya fundi saa na ukuta wa shule. Kina kiti kimoja cha kuzunguka, ambacho kikigeuzwa upande wa dirisha hulia kama paka aliyekanyagwa mkia, benchi la wanaosubiri, na kioo chenye ufa kutoka pembe hadi pembe. Watu watakwambia kioo kiligongwa na ngazi. Uongo huo. Siku moja Wembe alimchekesha fundi bomba mwenye kicheko cha tumboni, na kioo kikashindwa kuvumilia. Mimi nilikuwa pale pale mwisho wa benchi, nachambua mchele wangu. Sinyolewi, ila nyumbani mchele hauna cha kusikiliza.

Kinyozi ana raha moja ambayo hata mfalme hana: watu wake hawawezi kutoka. Amekufunga shuka shingoni, nusu ya kichwa tayari na nusu bado, na mkononi kashika kisu. Sema basi kwamba hucheki.

"Fundi saa," alianza siku moja, mashine imeshapanda kisogoni, "wewe una akili?"

"Zipo za kunitosha."

"Na akili ni nywele, kila mtu ana zake. Si ndivyo wasemavyo?"

"Ndivyo."

"Sasa hizi ninazozitupa hapa chini ni nini?"

Benchi likaangua kicheko. Fundi saa peke yake hakucheka. Aliinama kwenye kiti, akaokota kishungi kimoja, akakitia mfuko wa shati. "Siwezi kujua," akasema. "Pengine humo ndimo nilimoweka kazi ya kesho."

"Chukua, chukua," Wembe akamwambia. "Zitakazobaki nazifagia jioni, natia ndoo moja na za mchinja nyama na za yule karani wa maji. Ndoo ile ikisimama uchaguzi, inashinda."

Mnaona alivyokuwa. Neno ambalo sote tumezaliwa tukalikuta, tukalimeza bila kutafuna, yeye alilitoa mdomoni akalitazama. Na kila Jumamosi jioni alifunga duka, akavaa koti lake la kijani, akaenda ukumbi wa vijana, akasimama mbele ya watu peke yake na kipaza sauti, hana ngoma, hana mwenzake, hana pa kuegemea. Alizungumza tu. Watu walitoka wameshika mbavu kama waliopigwa. Mjamzito mmoja alijifungulia mstari wa nyuma, na mtoto akatoka anatabasamu. Yupo, amekuwa kondakta.

Mkewe alifariki mapema, binti yao bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Nilisema nitamchukua mtoto, Wembe akakataa. "Nywele ninazijua, dada," aliniambia. "Yaliyobaki nitayajulia huko huko." Lakini alijua kuzitoa, hakujua kuzisuka. Asubuhi za mwanzo mtoto alikwenda shule na mistari iliyopinda kama barabara iliyochorwa na mlevi. Wembe alijifunza kwenye mop ya kudekia, akiisuka usiku na kuifumua. Mwishowe wanawake wa mtaa wakawa wanamletea binti zao, anawafukuza. Mkono wake wa kusuka ulikuwa wa mtu mmoja tu.

Binti akakua, akasoma, akaja siku moja pale dukani kutuambia ana mchumba.

"Anafanya kazi gani?" nikamwuliza.

"Ana falsafa, shangazi."

Nikaacha mchele. "Pole mwanangu. Inatibika?"

Wembe alicheka akakaa chini. Binti naye alicheka, akatueleza kwamba falsafa ni elimu ya kuuliza, na kwamba mchumba wake anaifundisha chuoni. Anauliza ukweli ni nini, wema ni nini, kama mtu wa jana na wa leo ni yule yule.

"Na wanamlipa?" akauliza Wembe. "Mimi nauliza hayo bure, na nywele nakata."

Basi siku ya harusi ikafika na ukumbi ukajaa. Mshereheshaji akamwita baba wa bibi harusi aseme machache. Binti yetu alikuwa mbele pale, ameshika kitambaa cha machozi, keshakikunjua kabisa, maana alijua baba yake maneno anayo na mama yake hayupo. Wembe akashika kipaza sauti, akamtazama. Namjua mdogo wangu. Niliona anakihamisha kipaza sauti mkono huu kwenda mwingine kama kiazi cha moto. Kisha macho yake yakamkimbia binti, yakaenda kutua juu ya kichwa cha bwana harusi.

Kichwa kile, wajukuu zangu, kilikuwa hakina kitu. Kijana wa watu, umri wake ule, na kipara kimekamilika, taa zote za ukumbi zimo ndani yake zinajitazama.

"Wahenga walisema akili ni nywele," akaanza Wembe. "Na leo nimemwoza binti yangu kwa mwalimu wa akili." Akakikagua kile kichwa, kulia, kushoto, kama mtu aliyeangusha sindano. "Naomba kuuliza tu. Hizo anazofundisha, anaazima kwa nani?"

Wapishi walitoka jikoni wakidhani paa limeshuka. Mpiga picha alicheka mpaka picha zote za saa ile zikatoka za dari. Watu watatu hawakucheka. Mama wa bwana harusi alichukua mkoba wake akaondoka kabla ya keki. Bwana harusi alibaki anatazama mbele kama anayesubiri basi. Na bibi harusi alikikunja kile kitambaa, kikavu vile vile, akakirudisha kwenye pochi.

Wembe kuona watu wamekolea, akaongeza cha pili, akaongeza cha tatu, vyote vya kichwa cha mkwe. Kisha akaketi. Jina la binti yake hakulitaja.

Tangu siku ile binti hakukanyaga pale dukani. Alipojifungua, nikaenda kumlea uzazi, na nilipoaga akanipa salamu moja tu: "Shangazi, mwambie baba mkono wake hautagusa kichwa cha mwanangu."

Angesema hatakula kwake, sawa. Angesema hatamwamkia, tungesema hasira zitapoa. Lakini kinyozi, mjukuu wake wa kwanza, kichwa. Nilipomfikishia, Wembe alikuwa anamnyoa mtu. Alimaliza sikio lile, akazima mashine, akafungua droo akaniletea kitu kimefungwa kwenye flana. Mkasi mdogo, ncha zake butu, haujawahi kukata hata uzi. Alikuwa ameununua siku aliyosikia binti ana mimba. Akaufunga tena, akaurudisha.

Akaacha kuzungumza. Jumamosi koti la kijani likabaki msumarini. Dukani ikawa kelele ya mashine tu, na kunyolewa kimya kimya ni sawa na kwenda kwa daktari wa meno. Benchi likaanza kupunguka watu. Wa kudumu tukabaki wawili, mimi na fundi saa, ambaye alikuwa ananyolewa zaidi ya nywele alizokuwa nazo.

Na mtoto akakua na nywele zake. Binti hakumpeleka kwa babu yake, wala hakumpeleka kwa kinyozi mwingine. Hilo mimi nililiona, nikalitia kibindoni. Nywele zikapanda, zikatanuka, zikafunika masikio. Siku moja tulitafuta kijiko cha uji nyumba nzima, tukakikuta humo. Kuku wa jirani alipanda juu ya kile kichwa akazunguka mara mbili tatu kutafuta pa kutagia. Najua hamniamini. Yai nililila mimi.

Basi ikatokea mchana mmoja, mvua imetoka kukatika. Dukani tulikuwa sisi watatu. Mlango ukasukumwa, akaingia Mwalimu, mkwe wetu, na kipara chake kimelowa. Akatusalimu, akaenda moja kwa moja akaketi kwenye kiti cha kunyolewa.

Wembe akabaki na kitana mkononi.

"Karibu, mkwe," akasema.

"Ahsante, mkwe."

Neno hili lina utani wake. Mkwe anamwita mkwe, naye anaitika mkwe. Ukiwasikia nyuma ya ukuta hujui nani alimpa nani binti.

"Nikusaidie nini?"

"Ninyoe."

Fundi saa alikohoa. Mimi nikainamisha uso kwenye ungo. Mdogo wangu nilimwona anavyopigana. Mzaha ulikuwa umemfika kwenye meno, na meno ameyafunga. Akamfunga mkwe shuka, akafuta kile kichwa maji taratibu, akaona haya, akasimama.

"Mkwe," akasema, "sioni pa kuanzia."

"Hata mimi," akajibu Mwalimu. "Ndiyo maana nimezunguka nje mpaka mvua ikanikuta. Nimekuja kuomba radhi."

"Wewe? Si mimi?"

"Nimekuibia. Ule mzaha wako wa harusini, naufundishia."

Akatueleza, uso wake kwenye kioo umekatwa na ufa. Siku ya harusi hakuchukia. Hakuwa ameuelewa. Alikwenda nao nyumbani akaufikiri. Mwezi mzima baadaye, yuko bafuni, ana sabuni machoni, ukampata. Alicheka mpaka akateleza. Asubuhi yake akaingia darasani, ambako kwa kawaida wanafunzi walikuwa wakilala, akawaonyesha kichwa chake akawaambia, "Mkwe wangu anauliza hizi ninazofundisha naazima kwa nani." Wakacheka. Kisha mmoja akanyoosha mkono: kweli, Mwalimu, mawazo yangu ni yangu, au yote nimeazima? Wakabishana mpaka kengele, na baada ya kengele. Tangu hapo kila mwaka anafungulia somo hapo.

"Kazi yetu ni moja, mkwe," alisema. "Tunasimama peke yetu mbele ya watu waliokaa. Tunachukua kitu wanachokijua, tunakigeuza kidogo, wanaona hawakijui. Tofauti ni kwamba wewe ukishakigeuza wanacheka. Mimi nilikuwa nikikigeuza wanalala."

Wembe akaikung'uta ile shuka, ingawa haikuwa na unywele hata mmoja.

"Basi tofauti hakuna," akasema. "Wote tunawapumzisha."

Fundi saa alicheka mpaka machozi, na si kwa sababu kilikuwa kichekesho kikubwa. Ilikuwa kama kusikia saa uliyokwisha kuitupa inapiga.

Lakini mimi sikucheka. "Mkwe," nikamwita. "Hayo umemwambia mkeo?"

"Bado, shangazi."

"Kwa nini?"

"Natafakari namna ya kuanza."

"Mtoto ana kiota kichwani, wewe unatafakari."

Akashika kipara chake. "Nilikuwa najiuliza kama anachokasirikia ndicho anachosema anakasirikia."

"Jibu ukalipata?"

"Nimepata maswali mengine."

Nikabeba ungo wangu. Kesho yake nikaenda kwa binti. Nilimkuta anamchana mtoto, mtoto analia, chanuo limekwama katikati kama jembe kwenye mizizi. Nikamwambia kila kitu: mumewe hakuchukia, mumewe amefanya mzaha ule kuwa mtaji wa kazi, mumewe alianguka bafuni. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Shangazi," akasema, "unadhani mimi nilikasirika kwa ajili ya kipara? Hata mimi nakicheka. Nakifuta kwa kitambaa cha vyombo." Akang'oa chanuo. "Baba alisimama mbele ya watu wote siku yangu, akazungumza habari ya kichwa cha mtu mwingine. Mimi nilikaa pale nangojea neno moja. Moja tu. Hata langu la kunitukana."

Ndipo nikakumbuka kile kitambaa kikavu.

Nikamwambia ninachokiamini, na mimi niliyejifunza kusoma kwa vibao vya maduka msinidharau. Mchekeshaji na mwanafalsafa wana ugonjwa mmoja. Kitu kikiwauma hawakishiki kwa mkono. Mmoja anajificha nyuma ya kicheko, mwingine nyuma ya swali, na wewe mwanangu umejaliwa baba huyu na mume yule. Ukiwangoja, mtoto ataoa na kiota chake.

Akaliweka chanuo chini. Kisha akasema, "Jumapili nitakuja. Aseme lile ambalo hakusema. Bila mzaha. Akiweza, amnyoe. Asipoweza, naondoka na mwanangu na sirudi tena."

Nilipompelekea Wembe masharti haya alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

"Bila mzaha hata mmoja, dada?"

"Hata nusu."

"Kwa hiyo nisimame uchi."

"Na kipara," nikamwambia.

Jumapili wakaja. Binti mbele, Mwalimu nyuma kambeba mtoto. Fundi saa hakualikwa, alikuwepo. Wembe alikuwa amefagia mpaka miguu ya kiti. Ule mkasi mdogo ulikuwa mezani juu ya flana yake.

"Shikamoo baba," akasema binti, kasimama karibu na mlango.

"Marahaba mama." Wembe akamtazama mjukuu. "Sasa huyu, kwanza tungeita watu wa misitu watoe kibali..."

Binti akageuka, akashika mlango.

"Ngoja," akasema Wembe. "Imenitoka. Ngoja." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Siku ile ya harusi nilikuwa na mengi ya kusema, ila kile kichwa kiliniita..."

Binti akafungua mlango. Hewa ya nje ikaingia. Mwalimu akamtazama mkwewe kwenye kioo.

"Mkwe," akasema, na nadhani ndilo neno pekee alilowahi kulisema bila alama ya kuuliza mwishoni, "sema tu. Hatucheki."

Wembe akauachia mgongo wa kiti. Alipoanza kusema hakututazama; alizungumza na mikono yake.

"Nywele zako ni za mama yako," akasema. "Laini mbele, ngumu kisogoni. Kila asubuhi nilipokusuka nilikuwa naye. Nilikuwa nakusuka polepole makusudi, mpaka kengele ya shule inalia, unanigombeza, nakwambia umejitikisa. Hukujitikisa. Siku ya harusi walikusuka watu wengine. Nikakutazama nikaona leo hana haja na mkono wangu. Ningelitaja jina lako pale ningelia, na mimi watu wamenijua kwa kitu kimoja tu. Nikaogopa. Basi."

Hakuna aliyecheka. Hata kiti hakikulia.

Binti alifunga mlango, yeye akiwa upande wa ndani. Akatoa kitambaa kwenye pochi. Sijui kama ni kile kile. Mimi nitawaambia ni kile kile. Akakitumia kwanza, kisha akampa baba yake naye akakitumia. Akamchukua mtoto kwa mumewe akamketisha kwenye kiti, juu ya ubao wa watoto.

"Usimkate sikio," akasema.

"Ana mawili," akajibu Wembe, na safari hii binti alimpiga kofi la begani, akacheka huku bado analia.

Alimnyoa kwa ule mkasi mdogo, shungi kwa shungi. Nywele zilianguka mpaka fundi saa akanyanyua miguu. Humo tulipata kifungo, punje za mahindi, na kifuniko cha kalamu ambacho Mwalimu alikuwa amekitafuta muhula mzima. Mtoto alitulia kama aliyezaliwa kwenye kile kiti. Wembe alipomaliza akampuliza shingoni, akampaka poda, akamgeuzia kioo.

Mtoto alikitazama kile kichwa kidogo, cha mviringo, kinachong'aa. Akakishika. Aliye kwenye kioo naye akakishika. Akanyoosha kidole.

"Nani?" akauliza.

Mwalimu akakunja mikono, macho yamemng'aa. "Swali zuri sana," akasema, na akaanza kufikiri.

"Mimi nilidhani mmekuja naye," akasema Wembe.

Binti akaangua kicheko, nami nikaangua, na fundi saa akaangua, na mtoto akatutazama mmoja mmoja kuona nani atamjibu. Mpaka leo hajajibiwa. Jumamosi iliyofuata koti la kijani lilishuka msumarini. Mstari wa mbele kule ukumbini alikaa mtu mwenye kipara na mtoto mapajani. Wembe akifikia neno tamu, ukumbi wote unaangua kicheko, yule mtu yeye anatazama mbele kama anayesubiri basi.

Nanyi mliosikia hadi hapa, aliyecheka amecheka. Asiyecheka asijilaumu wala asinilaumu. Mkwe alichukua mwezi mzima.